Tg, anti-Tg, anti-TPO na PD-L1: kipimo kipi kinatabiri mwenendo wa saratani ya thairoidi?

Mtu akishatolewa tezi ya thairoidi kwa sababu ya saratani, hubaki na swali moja: itarudi? Akiliuliza kliniki au mtandaoni, anajibiwa kwa majina ya vipimo. Thairoglobulini. Anti-Tg. Anti-TPO. PD-L1. Siku hizi zipo pia orodha za "protini za kinga" nyingi kwa mkupuo, zinazosemwa kuwa zinajua nani ataishi muda mrefu na nani hataishi. Kila kimoja kina mantiki yake, na kila kimoja kina bei yake. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hulipia vipimo kutoka mfukoni, kwa hiyo kujua kipi kinajibu swali lipi ni jambo la lazima.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Kwa wagonjwa walio wengi, kipimo cha kinga kinachostahili fedha ni anti-Tg (kingamwili dhidi ya thairoglobulini), ikipimwa pamoja na Tg (thairoglobulini yenyewe, protini ya seli za thairoidi), maabara ileile, kwa kurudiarudia. PD-L1, protini inayopimwa kwenye uvimbe wenyewe, ina mahali pake, ila mahali penyewe ni padogo. Anti-TPO, kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha tezi, inaeleza jambo la kweli kuhusu tezi, lakini haifuatilii saratani. Orodha ndefu za protini bado ni kazi ya watafiti, na mgonjwa hana sababu ya kuzilipia.

Kwanza aina ya saratani, ndipo protini

Hakuna protini inayosomwa peke yake. Kinachoamua zaidi ni aina ya saratani yenyewe. Papilari ndiyo inayoongoza, takriban asilimia 80 hadi 85 ya wagonjwa wote. Folikula inafuata, na sehemu yake huwa kubwa zaidi katika maeneo ambayo watu wamekaa miaka mingi na upungufu wa madini joto, kama zilivyokuwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Seli za saratani hizi mbili bado zinafanya kazi za seli ya thairoidi: zinavuta madini joto, zinatengeneza thairoglobulini. Saratani ya medula inatoka kwenye seli nyingine kabisa, zile zinazotoa kalsitonini. Anaplastiki ni nadra, asilimia 1 au 2 tu, lakini ndiyo kali kuliko zote, na wagonjwa wake wengi huishi miezi michache tangu igundulike.

Umri nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika mfumo wa kupanga hatua za ugonjwa unaotumika tangu 2018, mpaka ni miaka 55. Mwenye papilari au folikula ambaye hajafika umri huo huwekwa hatua ya kwanza, na hata saratani ikiwa imeshafika kwenye mapafu au mifupa huwekwa ya pili tu. Kwake hakuna hatua ya tatu wala ya nne.

Hapo ndipo penye jambo ambalo makala nyingi hulipita haraka. Papilari huua wachache, lakini hurudi kwa wengi zaidi, hasa kwenye tezi za limfu za shingoni. Kufa na kurudiwa na ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Ukisoma kwamba protini fulani "inatabiri mwenendo", uliza papo hapo: inatabiri kifo, au kurudi kwa ugonjwa? Protini nyingi zinazosifiwa zinahusiana na kurudi, na baadhi hazina uhusiano wowote na kifo.

Tg na anti-Tg

Vipimo hivi viwili nitakaa navyo zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyobadilisha uamuzi wa daktari mwezi hadi mwezi.

Thairoglobulini, yaani Tg, hutengenezwa na seli za thairoidi peke yake, ziwe nzima au za saratani. Tezi ikitolewa yote na mabaki yakaunguzwa kwa madini joto yenye mionzi, Tg inapaswa kushuka hadi isionekane. Haichukui muda: kila baada ya siku tatu hivi, nusu yake inakuwa imetoweka kwenye damu, na kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne tangu upasuaji imeshafika chini kabisa. Ikionekana tena baadaye, au ikianza kupanda, mahali fulani mwilini kuna seli ya thairoidi inayofanya kazi.

Kabla ya upasuaji, kipimo hicho hicho hakina faida kwa swali letu. Rovu la kawaida hupandisha Tg. Uvimbe usio na saratani huipandisha. Upungufu wa madini joto huipandisha, kiasi kwamba wataalamu wa lishe huipima kwa watoto wa shule ili kujua kama jamii inapata madini joto ya kutosha. Ukiambiwa ukapime Tg ili kujua kama uvimbe wako ni saratani, fedha hiyo ipeleke kwenye ultrasound ya shingo na kuchukua seli kwa sindano.

Baada ya upasuaji na mionzi, Tg inakuwa kipimo chenye nguvu sana. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015, ambao madaktari wengi wameutumia kwa miaka, uligawa wagonjwa kwa namna mwili ulivyoitikia tiba. Tg iliyo chini ya 0.2 ng/mL mgonjwa akiwa anameza levothairoksini (vidonge vya homoni ya thairoidi), au chini ya 1 TSH (homoni inayoamsha seli za thairoidi) ikiwa imepandishwa, bila anti-Tg na picha zikiwa safi, iliitwa mwitikio bora kabisa: ugonjwa hurudi kwa asilimia 1 hadi 4 tu ya watu hao. Tg ikiwa 1 au zaidi kwenye dawa, au 10 au zaidi TSH ikiwa juu, huku picha hazionyeshi kitu, ilihesabiwa kuwa damu bado inaonyesha ugonjwa. Hata hapo habari si mbaya kama inavyosikika. Karibu thuluthi ya watu hao husafika bila tiba nyingine, takriban asilimia 20 hupatikana baadaye na uvimbe unaoonekana, na wanaokufa kwa saratani hiyo hawafiki asilimia 1. Miongozo hurekebishwa, na daktari wako anaweza kutumia mipaka mipya zaidi, lakini mpangilio wa hatari ni huohuo.

Sasa inakuja shida. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye papilari au folikula ana kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Hiyo ndiyo anti-Tg, au TgAb kwenye karatasi za baadhi ya maabara. Kwa watu wengine wote ni kama mmoja kati ya kumi. Kingamwili hizo huishika Tg ndani ya damu na kuificha. Mashine nyingi za maabara hutumia kingamwili mbili kuinasa Tg kutoka pande mbili, na upande mmoja ukishazibwa, mashine inasoma kidogo au inasoma sifuri. Mgonjwa anapewa karatasi iliyoandikwa Tg haionekani, anarudi nyumbani akishukuru Mungu, na huenda saratani ipo. Kwa sababu hiyo Tg bila anti-Tg katika sampuli ileile ya damu ni nusu ya jibu. Hili nalisema kwa uzito wote nilionao, maana bado kuna fomu zinazojazwa Tg peke yake.

Je, mwenye anti-Tg akose kipimo cha kumfuatilia? Hapana. Mfumo wa kinga huendelea kutengeneza kingamwili hizo ikiwa bado unakutana na Tg. Chanzo kikiisha, kingamwili nazo huanza kupungua. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: anti-Tg ni uvumi wa Tg, na uvumi unaozidi kupanda haupuuzwi. Ikishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza, ni dalili njema sana, hata kama haijafika sifuri. Ikikaa palepale, mgonjwa anafuatiliwa kwa karibu. Ikipanda, au ikijitokeza kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ultrasound ya shingo hufanywa bila kungoja miadi ya kawaida.

Tofauti za vipimo hivi viwili ndizo zinazosaidia kuchagua. Tg ni ya haraka: mabadiliko huonekana ndani ya wiki. Anti-Tg ni ya polepole: kwa mtu aliyepona kabisa inaweza kuchukua miaka mitatu hivi kutoweka, kwa hiyo kuipima kila mwezi ni kutupa fedha. Tg inakupa kiasi, na kwa kawaida uvimbe mkubwa hutoa nyingi kuliko mdogo. Anti-Tg inakupa mwelekeo tu, na namba yake haisemi ugonjwa ni mkubwa kiasi gani, maana inategemea ukali wa kinga ya mtu mwenyewe. Mwenye 900 anaweza kuwa salama kuliko mwenye 90, kama ya kwanza inashuka na ya pili inapanda.

Udhaifu mkubwa wa anti-Tg ni maabara. Vipimo vya Tg vya kampuni mbalimbali vinaweza kutofautiana hata mara mbili kwa damu ileile, ingawa kuna kiwango cha kimataifa cha kuvilinganisha. Vya anti-Tg hutofautiana kupita kiasi, hata mara mia. Mtu aliyepewa madini joto yenye mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, akapimwa huko, kisha akaendelea kupima mkoani kwao au akiwa kazini Muscat, anaweza kuonekana kingamwili zake zimepanda mara tano kumbe kilichobadilika ni mashine. Hofu anayoipata ni ya kweli, lakini namba ile haina maana. Kama ni lazima kuhama maabara, omba jina la mashine na kipimo viandikwe kwenye majibu, upime mara moja kwenye maabara mpya ili kupata mwanzo mpya, na usilinganishe namba za kale na mpya. Maabara nzuri huhifadhi sampuli ya zamani kwenye friza na kuipima tena sambamba na mpya, haidhuru kuuliza.

Kuna mtego mwingine kwenye karatasi ya majibu. Mpaka wa "kawaida" unaochapishwa kando ya anti-Tg mara nyingi umewekwa kwa ajili ya kugundua magonjwa ya kinga ya tezi, haukuwekwa kwa ajili ya kujua kama Tg inafichwa. Mtu anaweza kuandikiwa "hasi" huku ana kingamwili za kutosha kuvuruga kipimo cha Tg. Angalia namba yenyewe. Ikiwa mashine imeiona, hata kama iko chini ya mpaka, mwambie daktari.

Mawili mengine kabla sijaendelea. Baada ya upasuaji au mionzi, anti-Tg inaweza kupanda kwa miezi kadhaa kwa sababu seli zinazokufa humwaga Tg nyingi kwa wakati mmoja. Kupanda huko hakuhesabiwi kuwa ugonjwa umerudi. Na vidonge vya biotini, vile vya nywele na kucha vinavyouzwa madukani, huvuruga mashine nyingi: Tg hutoka chini kuliko ilivyo, na anti-Tg inaweza kutoka juu kuliko ilivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu biotini mwaka 2017. Acha vidonge hivyo siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu, na umwambie anayekutoa damu kwamba huwa unavitumia.

Anti-TPO na ugonjwa wa Hashimoto

Anti-TPO huandikwa kwenye fomu ileile na anti-Tg, na watu huzichanganya. Ni kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha tezi kinachotengeneza homoni. Ikiwa juu, mara nyingi mtu ana ugonjwa wa Hashimoto, ambao daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912: seli nyeupe za damu zinajaa ndani ya tezi na kuila polepole.

Uhusiano wake na saratani umejadiliwa tangu miaka ya 1950. Hashimoto huonekana mara nyingi kwenye tezi zilizotolewa kwa ajili ya papilari, na wanaojadili kama unaisababisha saratani au la hawajakubaliana. Sehemu nyingine imethibitika vizuri zaidi. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, papilari iliyokutwa pamoja na Hashimoto huwa haijasambaa sana kwenye tezi za limfu, haijatoka sana nje ya tezi, na hurudi kwa nadra zaidi. Inaelekea kinga iliyokwisha kuamka dhidi ya tezi huibana saratani pia. Pengine pia watu wa Hashimoto hupigwa ultrasound mara kwa mara, saratani ikashikwa ikiwa ndogo, na matokeo yakaonekana mazuri kwa sababu hiyo.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, habari hiyo ni ya faraja lakini haibadilishi chochote. Hakuna daktari anayepunguza upasuaji kwa sababu anti-TPO iko juu. Baada ya tezi kutolewa, kuirudia anti-TPO hakusaidii kujua kama saratani imerudi. Kazi hiyo inafanywa na anti-Tg. Kama una fedha ya kingamwili moja tu, chagua anti-Tg bila kusita. Anti-TPO ina faida kwa aliyetolewa nusu ya tezi, kwa sababu inaonyesha uwezekano kwamba nusu iliyobaki itachoka na atahitaji levothairoksini. Hilo ni swali la homoni.

PD-L1

Hapa tunaondoka kwenye damu na kuingia kwenye kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichotolewa mwilini. Seli T za kinga hubeba protini iitwayo PD-1, iliyogunduliwa mwaka 1992 na Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto. Mwaka 2018 Honjo alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na James Allison. Seli ya saratani ikivaa PD-L1 na ikagusana na PD-1, seli T hupoa na kuacha kushambulia. Dawa za kinga zinazosikika sana siku hizi huzuia mguso huo.

Kupima PD-L1, mtaalamu wa patholojia hukata kipande chembamba cha kinyama, hukipaka kingamwili maalumu ya maabara, halafu huhesabu asilimia ya seli zilizoshika rangi. Kingamwili za kupaka ni nyingi, kuna 22C3, SP142, SP263, na hazitoi jibu sawa. Mipaka ya kuita "chanya" nayo hutofautiana. Kwenye papilari, tafiti zimetoa viwango vya chanya vilivyoachana sana, na sababu kubwa ni hiyo. Zikijumlishwa, PD-L1 nyingi kwenye papilari imehusishwa na ugonjwa kurudi mapema, na mara nyingi huandamana na badiliko la kinasaba liitwalo BRAF V600E. Lakini seli za Hashimoto zenyewe hutoa vichocheo vinavyoweza kupandisha PD-L1, kwa hiyo protini ileile inaweza kuwa alama ya saratani inayojificha au ya kinga inayopigana kwa nguvu. Kipande cha kinyama hakisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Swali la kununua kipimo ni hili: jibu likitoka, tiba itabadilika? Kwa papilari ya kawaida iliyotolewa vizuri, haitabadilika. Hata kwa papilari na folikula zilizoshindikana, mfano uliopo haukutia moyo. Katika jaribio moja la pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo za kinga, wagonjwa 22 wenye saratani hizo walichaguliwa kwa sababu PD-L1 yao ilikuwa chanya. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa 2 tu.

Kwenye anaplastiki hali ni nyingine kabisa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya dawa ya kinga ya spartalizumabu kwa wagonjwa 42. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 19 ya wagonjwa wote. Kati ya ambao PD-L1 yao ilikuwa hasi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na uvimbe. Kati ya chanya ilikuwa asilimia 29, na kati ya waliokuwa na asilimia 50 au zaidi ya seli zilizoshika rangi ilifika 35. Kwa ugonjwa unaoua ndani ya miezi, hizo si namba ndogo, na ndiyo sababu naona PD-L1 inastahili kupimwa hapo.

Hata hapo si ya kwanza kwenye foleni. Sehemu isiyo ndogo ya saratani za anaplastiki ina BRAF V600E, na kwa wagonjwa hao dawa za dabrafenibu pamoja na trametinibu, zilizoidhinishwa Marekani Mei 2018, hupunguza uvimbe kwa zaidi ya nusu yao. Badiliko hilo linaweza kuonekana kwa kupaka rangi kinyama kilekile kwa kingamwili iitwayo VE1, bila kungoja kipimo kirefu cha vinasaba. Kinyama kikiwa kidogo na fedha ikiwa ndogo, BRAF itangulie, PD-L1 ifuate. Kundi jingine la protini linaloweza kufungua mlango wa dawa za kinga ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, zinazorekebisha makosa ya vinasaba. Zikikosekana kwenye seli za saratani, pembrolizumabu iliruhusiwa Marekani tangu 2017 bila kujali kiungo ilikoanzia saratani. Kwenye thairoidi hilo ni nadra.

Orodha za protini nyingi

Mtu akitafuta mtandaoni atakuta makala nyingi zenye jedwali la protini au vinasaba vya kinga vinavyogawa wagonjwa katika hatari kubwa na ndogo, na michoro miwili ya mistari iliyoachana vizuri. Nyingi zimetoka kwenye hazina moja ya data ya Marekani iliyochapishwa 2014, yenye papilari 496. Ni hazina ya thamani kubwa. Lakini papilari haiui wengi, na katika mamia hayo waliokufa wakati wa ufuatiliaji hawakufika hata 20. Ukitafuta kati ya mamia ya protini zile zinazotenganisha vifo vichache namna hiyo na wagonjwa mamia walio hai, utazipata tu, hata kama hazina uhusiano wowote wa kweli. Ndiyo maana orodha ya timu moja mara nyingi haifanani na ya timu nyingine. Hadi orodha ithibitishwe kwa wagonjwa wapya, wa hospitali nyingine, na ionyeshe kitu ambacho umri, hatua na Tg havijasema, isilipiwe.

Seli zenyewe za kinga ndani ya uvimbe zina hadithi ya kuaminika zaidi. Makrofaji hujaa kwenye saratani kali, na kwenye anaplastiki huweza kuwa sehemu kubwa ya uvimbe wenyewe. Wingi wao umehusishwa na kuishi muda mfupi. Bado hakuna kliniki inayopanga tiba kwa kuzihesabu. Wengine husoma uwiano wa seli nyeupe mbili, neutrofili na limfosaiti, kutoka kipimo cha kawaida cha damu. Ni rahisi sana, lakini malaria, nimonia au kidonda hubadilisha uwiano huo kwa siku chache.

Kama ni medula

Yote niliyosema kuhusu Tg na anti-Tg hayakuhusu. Kwako ni kalsitonini na CEA, protini nyingine ya damu inayotolewa na saratani hii, na kinachosomwa ni muda ambao namba huchukua kuongezeka maradufu. Katika utafiti wa Ufaransa wa 2005, waliokuwa na kalsitonini inayojirudufu chini ya miezi 6, asilimia 25 walikuwa hai baada ya miaka mitano na 8 baada ya kumi. Kati ya miezi 6 na 24, walikuwa asilimia 92 na 37. Waliozidi miaka miwili walikuwa hai wote hadi utafiti unaisha.

Ningechagua nini

Kwa papilari au folikula iliyotolewa yote na kufuatiwa na mionzi: Tg na anti-Tg kwa pamoja, TSH kwenye sampuli hiyohiyo, pamoja na ultrasound ya shingo. Anti-Tg ikiwa haipo, Tg ndiyo dira. Ikiwepo, soma mwelekeo wa anti-Tg na usiiamini Tg inayosema sifuri. Kwa aliyetolewa nusu ya tezi, Tg hubaki kwa sababu nusu nyingine bado inaitengeneza, hivyo ultrasound inabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko damu.

Kwa ambaye Tg iko chini lakini uvimbe unaonekana kwenye picha, usidhani picha imekosea. Saratani ikibadilika kuwa kali huweza kuacha kutengeneza Tg, na hapo hakuna kipimo cha damu cha kuitegemea. Kinyama kipya kichukuliwe.

Na uvimbe wa shingo ukikua ndani ya wiki chache, sauti ikakauka, kumeza au kupumua kukawa shida, hasa kwa mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea mwenye rovu la siku nyingi, usipoteze wiki kungoja majibu ya Tg wala kingamwili. Afike hospitali kubwa yenye upasuaji na patholojia, kinyama kichukuliwe mapema iwezekanavyo, na fomu inayokwenda nacho iandikwe tangu mwanzo: BRAF V600E kwanza, kisha PD-L1.